Shikamoo ya Birika

Momela,
14 Aprili 2024

Nashipae, binti yangu,

Nilipokuwa nafundisha darasa la tano niliwalazimisha watoto waanze barua kwa kueleza afya zao kabla ya kuomba chochote. Basi nisije nikavunja sheria yangu mwenyewe: naendelea vizuri, masikio ndiyo hayataki kupona. La kushoto limeshafunga ofisi. La kulia bado linapata kengele ya kanisa upepo ukiwa upande wetu. Kwa hiyo usinipigie simu. Jumapili ulipiga, nikasikia kitu kama nyuki ndani ya debe, nikajibu "ndiyo, ndiyo" mpaka ukakata. Sijui nilikubali nini.

Mwenzako wa kazini, yule Twahir, alifika. Kijana mstaarabu, ila chai anakunywa bila sukari kama mgonjwa. Amepachika kidude cheupe kati ya waya wa birika la mama yako na soketi ya ukutani, halafu akaniandikia kwenye karatasi: "Mwalimu, birika likiwaka, Nashipae atajua." Nikamwuliza atajuaje. Akaandika ukurasa mzima ambao sikuelewa hata nusu, mwishoni akasema utanieleza mwenyewe. Nangoja. Sipendi kitu ndani ya nyumba yangu kinachoniripoti bila mimi kujua kinasema nini.

Jambo la pili. Mvua zikiisha tutalijengea kaburi la mama yako. Mchungaji ametupa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Mpaka sasa ni udongo na msalaba wa mbao, na mbao yenyewe imeanza kupinda. Tangu tumzike mwaka jana hujakanyaga hapa. Engutoto si Ulaya, mama. Elinipa anapeleka maziwa mjini kila asubuhi na kurudi mchana. Pikapu yake ndiyo inayoleta barua hii, na mbele kuna nafasi ya mtu. Nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja asiyesikia. Nakuandikia wazi kwa sababu kwenye simu sitaweza kusema: nakutaka uje.

Baba yako,
Mwl. Gadiel


Engutoto, Arusha,
27 Aprili 2024

Shikamoo baba,

Barua yako imenifikia ikinuka maziwa. Pole sana na masikio. Usiwe na wasiwasi na ile simu, hukukubali kitu cha hatari. Nilikuuliza kama umekula, ukajibu ndiyo. Nikakuuliza umekula nini, ukajibu ndiyo.

Sasa maelezo. Kidude kile kinatambua umeme ukianza kupita kwenye birika. Hapo hutuma habari kwenye kompyuta moja iliyo mbali, ambayo imeacha mlango wazi kwa ajili ya mtu yeyote aliyeruhusiwa kusikiliza. Programu yangu inakaa mlangoni pale na kusikiliza. Na hiyo ndiyo kazi yangu, baba, ile ambayo mama alikuwa akiulizwa kanisani anasema "anacheza na kompyuta". Nimeandika kitu tunachokiita maktaba. Haina kitabu hata kimoja. Ni maagizo yaliyokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ili mtu mwingine akitaka programu yake isikilize habari za namna hii asianze kuhangaika upya. Lugha ya programu ninayoitumia haikuwa na maktaba nzuri ya kazi hiyo, nikaitengeneza mwenyewe, nikaiita Sikio. Inatumiwa na watu wa nchi nisizozijua, nao wananilalamikia kwa Kiingereza cha kila aina.

Sikio lina tabia zake. Likishapokelewa mlangoni, halisemi kitu. Uzi unaoliunganisha na kompyuta ile ni wa upande mmoja: kule kunasemwa, huku kunasikilizwa. Lakini pia halikati tamaa. Mtandao ukianguka, linarudi lenyewe na kubisha, na kwa kuwa kila habari ina namba yake, linasema, "Ya mwisho niliyoipata ni hii, nipe zilizofuata." Kwa hiyo hakuna linachokosa. Na kukiwa kimya kirefu, upande wa pili hutuma mstari mtupu usio na habari yoyote, ili tu uzi usikatwe. Najua unacheka. Ndiyo, kama darasa la tano na afya zao.

Ili usiseme kidude kinakuripoti tu, tufanye hivi: kila asubuhi nikiona birika limewaka, nitakuamkia kwa ujumbe wa simu. Huo utausoma, hauhitaji masikio. Utajua kwamba nimekuona.

Kuja nitakuja. Kuna kampuni inanisubiri nimalize kazi yao. Nikimaliza tu, utaniona.

Binti yako,
Nashipae


Momela,
19 Mei 2024

Nashipae,

Marahaba, marahaba, marahaba, marahaba. Nimeziweka nyingi, zikutoshe wiki nzima.

Kitu chako hiki kimeniharibu. Naamka, naweka maji, nabonyeza, kisha nakaa mezani nikiikazia simu macho. Inatetemeka juu ya meza kama kuku aliyeshikwa miguu, nami nasoma: Shikamoo baba, naona umeamka. Chai njema. Nimemwonyesha Sinyati. Unamkumbuka Sinyati, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji? Ndiye anayenikamulia ng'ombe tangu mgongo ulipokataa kuinama. Alisoma, akanirudishia simu, akanipigia kelele kwenye sikio la kulia, "Huyu mtoto ana adabu, mwalimu, hata kama haji." Nilimnunia siku mbili.

Juzi majani ya chai yalikuwa yamekwisha. Nikachemsha maji hivyo hivyo, nikapata shikamoo yangu, maji nikayamwaga kwenye migomba. Umeme wa LUKU unakwenda na mimi sijali. Ni mtu mzima nafanya mambo ya kitoto. Jumanne iliyopita umeme haukuwepo tangu alfajiri hadi jioni, basi siku nzima nilihisi kama sijaamka.

Ila nina swali, na ualimu ni ugonjwa usiopona. Mwanzoni salamu zako zilikuwa zinabadilika. Siku moja unauliza habari za ndama, siku nyingine unaniambia Engutoto kumenyesha. Sasa zinafanana neno kwa neno, mpaka nukta. Mtoto akiniletea insha mbili zinazofanana namna hiyo, nilikuwa namwita mbele. Ni wewe unayeandika?

Kaburi bado liko Agosti. Hans, baba yako mdogo, amesema ataleta saruji kutoka Tengeru.

Baba yako,
Mwl. Gadiel


Engutoto,
9 Juni 2024

Shikamoo baba,

Ni mimi. Nani mwingine? Asubuhi nakuwa na haraka, kwa hiyo nanakili maneno ya jana. Usiniite mbele.

Hiyo Jumanne ya umeme usiizungumze kama mchezo. Mimi sikujua ni umeme. Nilichojua ni kwamba birika halijawaka. Saa moja, kimya. Saa mbili, kimya. Nilimsumbua Elinipa kwa simu mpaka akageuza gari na kuja kuchungulia dirishani kwako, akakukuta umelala kwenye kiti. Hukumwona hata. Siku ile sikufanya kazi yoyote ya maana, na mkubwa wangu alinisema mbele ya watu. Nilikuwa nimeshakuzika, baba. Nilikuwa nimeshafika kwenye kuchagua nyimbo.

Naomba kitu kimoja tu. Umeme ukiwepo, chemsha. Hata kama hunywi, hata kama huna hamu. Nikiona limewaka napata pumzi, naendelea na siku yangu.

Kuhusu kuja, bado. Usinisukume sana kwa hilo.

Nashipae


Momela,
7 Julai 2024

Nashipae,

Mimi ni mzima. Mwandiko ukiuona unayumba, ni baridi, mwaka huu imezidi. Ng'ombe wako salama. Sinyati hajambo. Shikamoo zako nazipata zote.

Leo ukungu uliondoka mapema, na mlima ukaonekana wote, umechongoka vizuri, hauna pengo popote, kama nilivyokuwa nauchora ubaoni. Nimeutazama mpaka nikachoka. Siku hizi nachoka upesi.

Sina mengine. Hapana, ninalo. Agosti ukipata nafasi, njoo. Usipoipata sitakulaumu. Birika linachemka kila asubuhi kama ulivyoagiza, kwa hiyo kaa kwa amani na ufanye kazi yako.

Baba yako


Engutoto,
20 Julai 2024

Shikamoo baba,

Barua yako ilikuwa fupi lakini imenifurahisha. Nimeangalia kumbukumbu za Sikio: tangu mwisho wa Juni birika halijakosa hata asubuhi moja. Zamani ulikuwa unachelewa, siku nyingine unasahau kabisa. Sasa umekuwa kama askari wa gwaride. Nimemwambia Twahir, baba yangu anazidi kuwa imara, labda ile hewa ya Momela.

Huku nina vita na mteja mmoja. Analalamika kwamba Sikio lilimletea habari za pampu ya maji kwa wiki nzima, tena habari nzuri, pampu inafanya kazi, pampu inafanya kazi, kumbe pampu yenyewe ilishang'olewa na fundi alikuwa anatuma habari za majaribio kutoka mezani kwake. Anataka kujua kwa nini Sikio halikugundua. Nikamjibu kwamba Sikio halijui anayesema ni nani. Linajua tu kwamba kumesemwa. Hakuridhika.

Kwa kuwa uko vizuri, nina ombi, na tafadhali usikasirike. Tusogeze kazi ya kaburi hadi Desemba. Agosti natakiwa kutoa toleo jipya la Sikio, sitaweza kutoka hata kwa siku moja. Mama hana haraka. Na wewe naona huna shida.

Nakuona kila asubuhi, baba.

Nashipae


Wodini, Arusha mjini,
30 Julai 2024

Nashipae,

Hujaniona kila asubuhi. Niko hospitali, hapa hapa mjini, tangu Juni haijaisha. Ni kifua. Kilianza kama mafua, kikashuka kwenye mapafu, Elinipa akanibeba pamoja na maziwa. Kutoka kitandani kwangu nikiinuka naona mabati ya mtaa wako.

Usikimbilie kulia, sijamaliza. Uliniandikia kwamba siku birika lilipokosa kuwaka ulishanizika, na mkubwa wako akakusema mbele ya watu. Basi nilipokuwa napakiwa kwenye gari, huku napumua kama mvukuto, nikampa Sinyati ufunguo nikamwambia, "Kila asubuhi, ukishakamua, chemsha maji." Akaniuliza achemshe ya nini na mwenye nyumba hayupo. Nikamwambia ya Nashipae. Ameyachemsha mvua na jua. Barua ya mwezi huu niliiandikia hapa, nikaweka Momela juu yake. Elinipa alijua, nikamwapisha asikwambie.

Nilikuwa naona nimefanya jambo la busara. Kila asubuhi Sinyati anachemsha kule, simu inatetemeka hapa chini ya mto, nasoma shikamoo yako na kuwaambia wenzangu wa wodini, binti yangu ananiamkia, yuko kazini lakini hasahau. Kuna mzee wa kitanda cha pembeni alikuwa akinionea wivu waziwazi.

Leo muuguzi alinitoa nje niote jua. Kuna benchi karibu na uzio, na barabara inapita pale. Nikamwona mama yako anakuja. Kisha nikatambua ni koti lake la kahawia, na ndani yake ni wewe. Mkono mmoja kikapu cha mboga, mkono mwingine mtungi wa gesi, umeinamia upande mmoja kwa uzito. Nikafurahi mpaka nikakosa la kufanya. Na hapo hapo simu ikatetemeka mfukoni. Shikamoo baba, naona umeamka. Chai njema.

Nikatazama simu. Nikatazama mikono yako. Yote miwili imejaa.

Nilikuita. Sijui niliita kwa sauti gani, siku hizi sauti yangu mwenyewe siisikii. Mzee wa kitanda cha pembeni, aliyekuwa akiota jua nami, aligeuka. Wewe hukugeuka, ulikata kona ukaondoka.

Nimekasirika, Nashipae. Nimekasirika kwa sababu nilizionea fahari. Nimeitikia marahaba za miezi kwa chombo kisicho na mama wala baba. Shikamoo si kengele ya shule, ipigwe na yeyote aliye karibu nayo. Mtu anainama moyoni kidogo anapoisema, na mwingine anampokea. Ulipokuwa mdogo ulinikimbilia getini kunipa shikamoo na kunipokonya begi, na mimi nilikuwa natembea upesi kutoka shule kwa ajili hiyo tu.

Mimi pia nimekudanganya, hilo nalijua, huhitaji kunikumbusha. Sinyati anachemsha maji nisiyokunywa. Kompyuta inaniamkia bila wewe kujua. Hao wawili wanaelewana vizuri sana. Mimi na wewe tuko wapi?

Kuanzia leo sitajibu ujumbe wowote kutoka namba yako, maana sitajua ni wewe au ni hiyo mashine. Ukitaka kuniambia kitu, andika kwa mkono. Elinipa ataleta barua hii akipita.

Baba yako,
Gadiel


Momela, nyumbani,
3 Agosti 2024

Baba,

Gari la Elinipa liliharibika, barua yako nimeipata jana jioni. Leo asubuhi nimekwenda hospitali nikikimbia. Kitandani kwako nimemkuta kijana mwenye bandeji kichwani. Muuguzi akasema uliruhusiwa jana, ndugu yako akaja kukuchukua, hakujua mmeelekea wapi. Nikakuandikia ujumbe, nikakuandikia tena. Nikakumbuka umesema hutajibu, na una haki. Namba ya baba mdogo Hans haipatikani.

Nikafungua Sikio. Birika limewaka leo asubuhi. Nikasema, asante Mungu, yuko nyumbani. Mimi niliyeitengeneza, niliyemfokea mteja kwamba haijui anayesema ni nani, nimeiamini. Nimepita Tengeru siku ya gulio bila hata kugeuza shingo, nimepandisha hadi huku, nimegonga, nimezunguka dirishani, nimeita kwa sauti, halafu nikajicheka kwa kuita. Hakuna mtu. Kwa Sinyati kuna kufuli. Ufunguo uko pale pale chini ya jiwe la bomba. Birika lina maji yaliyokwisha kupoa, na kikombe kimoja kimeoshwa. Nadhani hakuna aliyemwambia Sinyati aache.

Nimekaa kwenye kiti chako. Barua hii nitaiacha mezani, yeyote atakayeingia kwanza akupelekee.

Shikamoo za mwanzo niliziandika mimi, baba, zile za ndama na mvua. Asubuhi moja nilipitiwa na usingizi, nikaamka nikakuta umeshaniandikia, "Leo hujaniona?" Nikaona uchungu sana. Siku hiyo hiyo nikaongeza maagizo machache, birika likiwaka salamu iende yenyewe. Nilitaka usikose hata siku moja. Halafu kwa kuwa hukosi, na mimi nikaacha kuangalia. Nilikuwa nafungua kumbukumbu mara chache tu, naona mstari wa asubuhi baada ya asubuhi, nafunga.

Na sababu ya kutokuja si kazi. Nimekuwa nikiisema kazi mpaka nikakaribia kuiamini. Kwenye Sikio haiandikwi nani amechemsha. Inaandikwa tu, Birika, Momela, limewaka. Kila nilipousoma mstari ule nilimwona mama. Nilimwona amejifunga kitenge, amesimama pale dirishani anangoja maji huku anaimba nusu ya wimbo. Miezi yote hii mama alikuwa anaamka Momela na kuweka chai, na mimi niko Engutoto na koti lake, mradi tu nisije kuona jikoni hamna mtu. Ndiyo maana nilitaka kaburi lingoje. Ukilijengea, atakuwa amekufa.

Sasa nimekuja, na jikoni hamna mtu. Kitenge kiko kwenye msumari. Nimekaa nikalia mpaka nikachoka, na bado niko hapa, nyumba haijaniangukia.

Nimeisoma tena ile barua yako ya Julai. Mlima umechongoka, hauna pengo popote. Baba, nimezaliwa kwenye nyumba hii. Kutoka hapa mlima una ukuta mmoja uliobomoka wote na kile kilima cha majivu katikati, ndio ninaoutazama sasa hivi mlangoni. Mlima usio na pengo unaonekana kutoka mjini. Uliniambia uko wapi kwa mkono wako mwenyewe, na mimi nilikuwa nahesabu birika.

Habari ya mwisho niliyoipata kwako, iliyo ya kweli, ni ya Mei. Nipe zilizofuata. Zote, na za kikohozi, na za huyo mzee mwenye wivu.

Nasikia baridi. Naweka maji. Ile salamu sijaizima, itakuja kwako yenyewe kama kawaida na maneno yake yale yale. Labda utaisoma, labda utaitupa. Lakini safari hii mkono ulio kwenye birika ni wangu.

Shikamoo baba.

Nashipae


Tengeru, kwa Hans,
3 Agosti 2024

Nashipae,

Naandika haraka, Sinyati anangoja barua hii na gari la kupanda Momela linapiga honi, anasema yeye, mimi silisikii.

Niko kwa Hans. Daktari amekataza baridi ya Momela kwa muda, na Hans ameipokea amri hiyo kwa furaha ya ajabu, ameficha hata viatu vyangu. Sinyati ameshuka gulioni leo akapitia kuniletea maziwa. Alikuwa amekaa hapa mbele yangu anamenya ndizi, ananilaumu kwamba hakuna aliyemwambia kama aendelee kuchemsha au aache. Nikamwambia aache, mchezo umekwisha.

Kabla sijamaliza kusema, simu ikatetemeka. Shikamoo baba, naona umeamka. Chai njema. Saa tisa alasiri!

Nikamsogezea Sinyati simu. Akaisoma, akaangalia mikono yake yenye utomvu wa ndizi, akaniangalia. Akasema, "Si mimi, mwalimu. Mimi niko hapa." Ufunguo yeye huurudisha chini ya jiwe la bomba, na jiwe hilo, mbali na sisi wawili, analijua mtu mmoja tu aliye hai.

Nilisema sitajibu ujumbe, na sijajibu. Naandika. Nimeitikia pia, kwa nguvu zangu zote, mpaka Hans ametoka jikoni kuuliza nani kaja. Nikamwambia Nashipae amefika nyumbani. Akauliza nimejuaje, nikamwambia amechemsha maji.

Marahaba, mwanangu. Nimeipokea hii.

Kesho jua likiwa kali nakuja, na viatu au bila viatu. Nina mengi ya tangu Juni sikukuandikia. Blanketi la ziada liko kwenye sanduku la mama yako, lifungue tu, usiogope. Usiondoke.

Jioni chemsha tena, nijue bado upo.

Baba yako